Kasanduku ka Ex-UK Bado Kako na Gemu

Ukipanda ngazi za zile stoo za Luthuli na Moi Avenue hapa Nairobi, huwezi kosa kuziona: Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro, zimepangwa moja juu ya ingine hadi karibu na dari. Kamoja kana upana wa sentimita 18 hivi, na unene haufiki 4. Kitambo kalikuwa kamefungwa nyuma ya monita kwa ofisi fulani Uingereza, karani anapiga Excel mchana kutwa, halafu kampuni ikabadilisha mashini zake na kontena ikaletwa huku. Sisi tunaziita ex-UK. Tunazipenda ju hazikuli stima mob, hazimalizi nafasi kwa bedsita, na bei yake hasla anaweza kuifikia bila kuuza simu.

Ngori inaanza siku umeamua hiyo mashini ikufanyie wera ya ukweli. Umedai kuediti video ya ngoma ya beshte yako, umedai kurenda kakitu kwa Blender, ama umedai tu kuchapa Tekken 8 na mbogi ya ploti wikendi. Hapo picha zinaanza kukwama, feni inalia, na watu wanaanza kuangalia simu zao. Na si ati prosesa imedofa. Ndani ya hizo boksi mob kuna i5-6500T ya 2015 ama i5-7500T ya 2017, viini 4, na bado zinasukuma kazi fiti. Kenye kunakosekana ni kadi ya grafiki. Kuna tu kagrafiki ka Intel, HD 530 ama HD 630, kenye kamebanwa ndani ya prosesa na kanakopa RAM ya mashini ju hakana yake.

Wasee wengi wakifika hapo wanauza kasanduku kwa hasara, wanaanza kuweka doo za taua kubwa yenye inawaka taa za rangi. Mwaka unaisha, doo zinaliwa na rent, na kazi yenye wangefanya imelala. Mimi nasema zii. Kaa kasanduku tayari kako kejani na kanawaka, kanaweza chomekewa kadi kubwa kutoka nje, na njia ya kuichomeka iko ndani yake tayari. Ni pale SSD inalala.

Skia venye inaenda. Kadi ya grafiki huongea na mashini kupitia PCI Express. Kwa taua, kadi inakaa kwa sloti refu lenye leni 16. Kasanduku ketu hakana hilo sloti. Lakini chini ya SSD ya M.2 kuna leni 4 za PCIe kizazi cha 3. SSD ya NVMe yenyewe ni kifaa cha PCIe kaa vingine vyote, na mashini haijali kaa huko mwisho wa leni kuna SSD ama kuna kadi ya grafiki. Kwa hivyo unatoa SSD, unachomeka adapta yenye mguu umekatwa kaa M.2, waya bapa inatoka nje ya boksi, na mwisho wa waya kuna kabodi kenye kana sloti kamili. Kadi inakaa hapo juu ya meza. Wachina ndio hutengeneza hizo adapta. Ile R43SG ya ADT-Link ndo imejulikana mbaya, na siku hizi kuna zenye zinatumia waya ya OCuLink, nyembamba na ngumu kuharibika. Kaa unaweza pata ya OCuLink, chukua hiyo. Waya bapa ukiikunja vibaya mara kadhaa inaanza kuleta makosa ya ajabu yenye utalaumu kadi bure.

Sasa hizo leni ndo roho ya hii stori yote, kwa hivyo tulia hapa kidogo. Leni moja ya kizazi cha 3 inapitisha karibu MB 985 kwa sekunde. Leni 16 ni karibu GB 15.8. Leni 4 zetu ni karibu GB 3.9. Ni ile kitu ya Thika Road kuingia tao kupitia Pangani: gari ni zile zile, njia ndo imekuwa nyembamba, na kufika kwako kunategemea ni gari ngapi zimeingia kwa wakati mmoja. Kadi ndogo na ya katikati haisumbui hiyo njia sana. Ikishapakia picha za gemu kwa memori yake yenyewe, hesabu inafanyika huko huko ndani, na kenye kinapita kwa waya kila fremu ni maagizo tu. Kadi kubwa yenye inataka kutema fremu mia mbili kwa sekunde ndo inaumia, ju kila fremu inakuja na maagizo yake.

Kutoka hapo kuna mambo mawili yanafuata, na ukiyaelewa hutachezwa na mtu. La kwanza, monita ichomeke kwa kadi yenyewe, si kwa boksi. Ukichomeka kwa boksi, picha inatoka kwa kadi, inarudi kwa leni zile zile nne, halafu ndo inaenda kwa skrini. Umejibania njia mwenyewe. La pili, memori ya kadi ina maana kubwa kwetu kuliko kwa msee wa taua. Kadi ikijaza memori yake inaanza kukopa RAM ya mashini, na huko ni lazima ipite Pangani. Ndo unaona gemu inatembea poa, halafu ghafla inashikwa na kwikwi ukiingia mtaa mpya kwa ramani. Kwa hivyo punguza ubora wa picha kwa gemu hadi memori itoshe, na usinunue kadi ya GB 2 juu ya kitu yoyote.

Kabla hujatuma doo ya adapta, fungua boksi yako uangalie. Hizi za kizazi cha 6, 7 na 8 za Intel, mingi ziko na M.2 ya NVMe. Za kitambo zaidi, kaa ThinkCentre M93p Tiny yenye ina prosesa ya kizazi cha 4, hazina. Huko kuna tu kasloti ka Wi-Fi, mini PCIe ya leni moja ya kizazi cha 2, karibu MB 500 kwa sekunde. Adapta zake ziko na kadi itawaka, lakini njia ni nyembamba hadi inauma, na mimi siwezi kukuambia uweke doo zako huko. Kuna pia zile raiza za kuchimba kripto, zenye ziko na waya ya bluu kaa ya USB. Utaziona bei rahisi kila mahali. Hizo ni leni moja pekee. Ziliundwa kwa kazi yenye haihitaji njia pana kabisa, na hii yetu inahitaji.

Na SSD yako je, yenye umetoa? Hizi boksi ziko na nafasi ya diski ya inchi 2.5 ya SATA. Weka SSD ya SATA hapo, nakili Windows yako yote kwanza, hakikisha inabuti kutoka huko, ndo ufikirie kutoa ile ya M.2. Speed ya kufungua faili itashuka, lakini hutaihisi kaa vile utahisi kadi mpya. Waya ya adapta unaipitisha kwa kale kashimo ka nyuma ka poti ya ziada, ama unaacha kifuniko wazi. Mimi naona heri kashimo, ju vumbi ya Nairobi haina huruma.

Wenye mna Mac mini mnaweza kufurahia kidogo na kulia kidogo. Ya 2018 iko na poti nne za Thunderbolt 3, na Apple ilianza kukubali kadi za nje rasmi kwa macOS 10.13.4, Machi 2018. Unanunua boksi ya kadi kaa Razer Core X, unaweka kadi ya AMD kaa RX 580, unachomeka waya moja, basi. Nvidia haiingii hapo. Na Mac zote za M1 kuendelea, hiyo mlango imefungwa kabisa. Ya 2014 iko na Thunderbolt 2 ya Gb 20 kwa sekunde na Apple haikuikubali, ingawa wasee wajanja walipata njia zao. Thunderbolt 3 inaitwa ya Gb 40, lakini kenye kadi inapata kwa ukweli ni chini ya hapo. Kwa hivyo ile M.2 ya boksi ya karani inaishinda kwa njia, na boksi moja tu ya Thunderbolt kwa kawaida inamaliza doo zenye zingekununulia ThinkCentre nzima.

Tuje kwa stima. Hapa ndo wasee wanachomea vitu, na ndo hapa nataka usikimbie.

Kasanduku kako kanakula kutoka kwa chaja ya nje kaa ya laptop, ya wati 65 ama 90. Hiyo haiwezi kulisha kadi. Tena sloti ya M.2 inatoa volti 3.3 pekee, haina ile laini ya volti 12 yenye kadi inaishi nayo. Kwa hivyo hata kadi ndogo ya wati 75, yenye kwa taua haihitaji waya ya ziada, hapa ni lazima ipate pawa saplai yake. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni pawa saplai ya kawaida ya ATX, yenye unaweza toa kwa taua ya ex-UK. Ya pili ni ile chaja kubwa ya Dell, DA-2, yenye inatoa volti 12 na ampea 18, wati 220 hivi. Hiyo ya Dell inakaa smati mezani na inatosha kadi za katikati.

Usisome ile namba kubwa imeandikwa juu ya pawa saplai. Kuna zingine zimeandikwa 500W na ndani ni hewa. Geuza uone kale kameza ka namba pembeni, tafuta laini ya 12V, chukua ampea zake uzidishe na 12. Hizo ndo wati zako za kadi. GTX 1050 Ti inataka 75. GTX 1660 Super inataka 125. RX 580 inataka 185, na inapenda kuruka juu ya hapo kwa sekunde moja moja, kwa hivyo iwekee nafasi. Ukiinua pawa saplai na uione ni nyepesi kaa boksi ya viatu tupu, irudishe kwa mwenye duka kwa heshima. Na zile waya za kugeuza plagi ya SATA kuwa plagi ya kadi, zikatae. Plagi ya SATA imepimwa kwa ampea 4.5 kwa volti 12, wati 54, na kadi itaivuta zaidi ya hiyo hadi plastiki iyeyuke.

Mpango wa kuwasha ni huu: kadi kwanza, boksi baadaye. Boksi ikiamka inahesabu vitu zenye ziko kwa leni, na kadi ikiwa bado imelala haitahesabiwa. Usiwahi kuchomoa ama kuchomeka hiyo waya kama kuna kitu imewaka. M.2 si USB. Na ju tunaishi penye stima inapotea saa ya chakula cha jioni na kurudi kwa kishindo, weka kilinda stima kati ya ukuta na mashini zote mbili, soketi moja, ardhi moja. Kaa doo inaruhusu, UPS ndogo. Kadi ya mtumba haina waranti ya kukupanguza machozi.

Sasa shoping. Septemba 2022 Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi zenye zilikuwa zinachoma usiku na mchana kwa maghala zikamwagika sokoni dunia nzima. Sehemu imetufikia. Kadi ya kuchimba si lazima iwe mbaya. Feni zake zimechoka na ile pasta ya joto imekauka, vitu zenye fundi anaweza badilisha. Shida kubwa ni uongo.

Kuna uongo wa aina tatu wa kukaa macho. Wa kwanza ni kadi yenye imebadilishwa BIOS ijiite kitu haiko: unauziwa GTX 1050 Ti, na ndani ni chipu ya kitambo ya GTX 550 Ti imepakwa jina. Programu ya bure ya GPU-Z inazijua hizo, na kwa jina la kadi inaandika FAKE mbele. Kwa hivyo msee asikuambie ati hawezi kuiwasha hapo dukani. Aiwashe kwa taua yake, afungue GPU-Z, uone, ndo utoe simu ya M-Pesa. Wa pili ni RX 580 yenye imeandikwa 2048SP. Hiyo si fake, AMD waliiuza hivyo China, lakini ndani ni RX 570. Lipa bei ya 570. Wa tatu ni GT 1030. Iko ya GDDR5 na iko ya DDR4, boksi karibu inafanana, na ya DDR4 memori yake inapitisha theluthi tu ya ile ingine. Ukipewa ofa tamu ya 1030, angalia hapo kwanza. Mimi siichukui hata moja, ju 1030 haina kifaa cha kurekodi video ndani yake.

Halafu kuna kadi nzuri yenye kwetu ni mtego: RX 6400 na RX 6500 XT. Hizo zina leni 4 peke yake na ziliundwa kwa kizazi cha 4 cha PCIe. Kwa njia yetu ya kizazi cha 3 zinapata nusu ya speed zilitegemea, na memori yao ni ndogo mingi ya wakati, kwa hivyo zinakwama penye kadi ya kitambo yenye memori kubwa ingepita. Pia zimeachwa bila kifaa cha kurekodi. Za bei hiyo, kwa hii kazi, zilenge.

Kenye ningechukua inategemea wera yako. Wa gemu: GTX 1050 Ti ya GB 4 ndo mwanzo wa maana. Tekken 8 yenyewe inaitaja kaa kiwango cha chini, pamoja na i5-6600K. Prosesa yetu ya T ni ya familia moja na hiyo lakini inakimbia polepole, imebanwa kwa wati 35, kwa hivyo tegemea kucheza picha zikiwa chini na ukae kwa amani. Sylvia Gathoni, yule dame tunamjua kaa Queen Arrow, ametuonyesha Tekken inaweza kuwa wera ya mtu wa Kenya, na siwezi ruhusu msee wa mtaani akae nje ju ya kagrafiki ka Intel. Ukipanda hadi GTX 1650 ama 1660 Super, umefika juu ya kilima cha hii boksi. Juu ya hapo prosesa ndo itakuwa imeshika kadi koo. Kuweka RTX 3070 kwa i5-6500T ni kununulia kadi usingizi. Kaa boksi yako ni ya i5-8500T, viini 6, hapo una nafasi ya kupumua zaidi.

Wa Blender, nisikize vizuri sana. Usinunue RX 580. Najua iko na GB 8 na bei inavutia. Toleo la 3.0 la Desemba 2021 liliacha OpenCL, na kadi za AMD za kizazi hicho zikaachwa nje: Cycles, ile injini ya Blender ya kurenda, haizitumii tena, inarudi kurenda kwa prosesa. Utakaa na kadi kubwa, feni mbili, na renda inatembea na viini vyako 4 vile vile. Chukua Nvidia, hata kadogo. Na Blender ndo kazi yenye inapenda njia nyembamba kuliko zote, ju sini ikishaingia kwa kadi inakaa huko hadi fremu iishe. Msee wa anime ya mtaani, huyu wa kurenda usiku kucha, ndo anafaidika na hii kitu kuliko hata msee wa gemu.

Wa video: DaVinci Resolve ya bure inaegemea kadi kwa rangi na madoido, na GB 4 inatosha ukiediti 1080p. Hapo RX 580 inarudi kuwa kadi poa. Na usizime kagrafiki ka Intel kwa BIOS hata ukiwa na kadi mpya. Kanajua kufungua video za simu za H.264 na H.265 kwa haraka, na programu zingine za kuediti zitakaomba kasaidie.

Kuhusu draiva, kitu kimoja cha kujua kabla hujalipa: Nvidia imeacha kutengenezea GTX za 10 draiva mpya za gemu mwishoni mwa 2025, zimebaki zile za usalama hadi Oktoba 2028. 1650 na 1660 bado ziko ndani. Kaa bei ya 1050 Ti na ya 1650 zinakaribiana, umeona penye doo yako inafaa kwenda.

Siku ya kuwasha, toa draiva za kitambo kwanza na Display Driver Uninstaller, zima mashini, chomeka, washa kadi, washa boksi. Usishtuke monita ikikaa giza hadi Windows ifunguke. Hizo BIOS za ofisi zingine hazijui kuonyesha picha kupitia kadi ya nje mapema. Windows ikikuambia kosa la Code 12, inamaanisha imekosa nafasi ya anwani ya kuiweka kadi: ingia BIOS, tafuta mahali pa kuruhusu anwani za juu ya GB 4, na uisasishe BIOS yenyewe. Ikiwaka, fungua GPU-Z, soma ule mstari wa Bus Interface. Kadi ikiwa imetulia itaonyesha 1.1, usilie, bonyeza kale kaalama ka swali, anzisha jaribio, na isome x4 3.0. Ikikataa kupanda, ama skrini inazimika zimika, ni waya. Shusha sloti ya M.2 hadi kizazi cha 2 kwa BIOS uone kaa inatulia, halafu utafute waya fupi.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi haitaki prosesa ya kizazi cha 6 na cha 7. Ndo sababu boksi zingine mob zitatolewa kwa maofisi na kuja kwetu. Linux inakubali hizi mashini bila maneno, na Blender huko inakimbia safi. Lakini wa EA FC wasihamie, ile programu yao ya kuzuia udanganyifu kwa gemu inakataa Linux. Na wa Resolve wajue toleo la bure la Linux halifungui H.264, kwa hivyo video za simu zitahitaji kugeuzwa kwanza.

Mahali pa kuiweka ni suala lenye wasee hawabongi. Kadi iko uchi mezani, feni ziko wazi, na keja ni chumba kimoja chenye jiko liko hatua tatu. Mafuta ya chipo yanashika feni na kuvuta vumbi. Enda Kamukunji na vipimo vyako, mwambie fundi wa jua kali akuchomelee fremu ya chuma yenye mguu wa kadi na kitanda cha pawa saplai, iwe wazi juu na chini hewa ipite. Ipake rangi yenye unapenda. Iweke juu kuliko mkono wa mtoi wa sistee yako. Inaweza kuwa kitu safi zaidi kwa hiyo chumba, na si lazima iwe na taa hata moja.

Kuna msee mmoja mwenye namwambia asifanye hii kitu: yule bado hajanunua boksi. Kaa doo iko mkononi na meza iko tupu, chukua taua ya ex-UK yenye ina sloti la leni 16, ama ile ya kati inaitwa SFF, yenye inakubali kadi fupi ya wati 75 kaa GTX 1650 ya low profile. Utachomeka kadi ndani na kufunga kifuniko, bila adapta, bila saplai ya pili. Kadi ya nje ni ya mwenye tayari ana kasanduku, anakapenda, na hana doo ya kuanza upya.

Na huyo hapotezi. Ananunua vitu vitatu vya maana: kadi, pawa saplai, adapta. Siku ataomoka na kupata taua, kadi inatoka kwa fremu inaingia kwa sloti lake la leni 16 na kupata njia yote, saplai ya ATX inaenda nayo kaa iko na nguvu ya kutosha, SSD ya M.2 inarudi kwa kasanduku, na kasanduku kanaenda kwa brathe mdogo wa fom tuu. Adapta pekee ndo inabaki bila wera, na kuna msee mwingine kwa ploti anaitafuta.